Maksai ametoka kiangazi akaingia kwenye nira: je, kazi humaliza vitamini mwilini?

Mkulima, Butula

Nawasalimu nyote. Ninafuga maksai wanne hapa Butula, kaunti ya Busia, na ndio wanaolima shamba langu la mahindi na mihogo pamoja na mashamba ya majirani wanaowakodi kwa ekari. Mwaka huu tulianza kulima mwishoni mwa Februari, mara tu mvua ya kwanza ilipolainisha ardhi. Wanyama walikuwa wamepitisha Desemba na Januari kwa mabua ya mahindi, nyasi zilizokaukia kando ya njia, na matete machache tuliyokata bondeni. Walikuwa wamepungua, ila si kwa kiasi cha kunitisha.

Siku ya tatu ya kulima, maksai mdogo kuliko wote, ambaye ana miaka mitatu na ndiyo kwanza ameanza kufungwa nira, alisimama katikati ya shamba akakataa kuendelea. Misuli ya mapaja ilikuwa ikitetemeka, na alipofunguliwa alitembea kwa miguu iliyokakamaa. Kijana wangu anayeshika plau alimpumzisha siku mbili, akaanza tena kula. Kwenye duka la dawa za mifugo tuliambiwa kwamba kazi imemaliza vitamini mwilini, tukauziwa dawa nyekundu ya sindano na kuagizwa tuirudie kila wiki hadi msimu wa kulima uishe.

Sikatai dawa, lakini nataka kuelewa ninachokinunua. Je, ni kweli kwamba kazi humaliza vitamini jinsi inavyomaliza nguvu za chakula? Ikiwa ni kweli, ni vitamini ipi, na mbona wale watatu wakubwa, waliokula chakula kile kile na kulima mashamba yale yale, hawakupata shida hiyo? Kuna jambo jingine ambalo nimelipuuza kwa muda na sasa linanisumbua: mmoja wa hao wakubwa hujikwaa sana tunapowafunga nira alfajiri kabla ya kupambazuka, ilhali jua likishatoka hutembea vizuri kabisa.

Daktari wa mifugo, Kakamega

Mama, pole kwa mashaka hayo, na ahsante kwa kueleza kila kitu kwa mpangilio, kwa sababu hilo la alfajiri ulilolitaja mwishoni huenda ndilo lenye uzito kuliko yote.

Kabla ya vitamini, lazima niseme kwamba maksai anayetetemeka na kukataa kazi katika eneo lenu anafaa kupimwa damu kwanza. Kupe huleta ndigana kali, ndigana baridi na ugonjwa wa kukojoa damu, na mbung'o huleta nagana, ambayo humdhoofisha mnyama polepole hata mwenyewe akadhani ni uvivu. Hakuna vitamini inayoua vimelea hivyo. Mwambie kijana achunguze pia rangi ya mkojo baada ya kazi. Msuli ulioharibika huachilia rangi yake ndani ya damu, figo zikaichuja, na mkojo ukawa kama kahawa. Lakini ugonjwa wa kupe nao hubadilisha rangi ya mkojo, na kwa macho peke yake mtu hukosea.

Sasa nije kwenye swali lako. Msuli hauchomi vitamini jinsi unavyochoma sukari na mafuta. Vitamini za kundi B hufanya kazi zikiwa zimeshikamana na vimeng'enya, yaani zile protini zinazoharakisha mabadiliko ya chakula kuwa nguvu, na kazi moja ikiisha vitamini hubaki pale pale ikangoja kazi inayofuata. Ndiyo maana maksai aliyelishwa vizuri anaweza kulima asubuhi nzima na asipungukiwe na chochote cha kutisha. Kazi inachofanya ni kuongeza kasi ya vimeng'enya hivyo mara nyingi kuliko wakati mnyama amelala kivulini, na upungufu ambao ulikuwa umejificha tangu Desemba hudhihirika ndani ya siku mbili tatu za nira. Tuseme basi kwamba aliyemaliza vitamini ni kiangazi, na plau ikaja kudai kile ambacho ghala halina tena.

Vitamini E iko tofauti kidogo, maana yenyewe hutumika kweli. Hukaa ndani ya utando wa kila seli, kwenye mafuta yake, na kazi yake ni kuzizima chembe kali za oksijeni zinazozaliwa msuli unapofanya kazi kwa bidii. Kila inapozizima, vitamini E yenyewe hubadilika, na isipokarabatiwa na vitamini C na visaidizi vingine hupotea. Ikishirikiana nayo ni madini ya seleni, ambayo yamo ndani ya kimeng'enya kinachovunja sumu hizo za oksijeni. Mnyama akikosa viwili hivi, utando wa seli za msuli hupasuka, na kuna ugonjwa unaojulikana kwa wafugaji wa nchi nyingi ambao hufanya misuli ya ndama, wana-kondoo na watoto wa farasi ipauke kama nyama iliyochemshwa. Mara nyingi hujitokeza siku wanyama wachanga walipofunguliwa ghafla kutoka zizini wakakimbia uwanjani. Maksai wa miaka mitatu si ndama, na sisemi kwamba wako anao ugonjwa huo. Nasema tu kwamba njia ya madhara ni ile ile, yaani ghala tupu likikutana na kazi ya ghafla.

Hapo pia ndipo lilipo jibu kuhusu wale watatu. Msuli uliozoea kazi kwa misimu kadhaa hujitengenezea vimeng'enya vingi zaidi vya kujikinga, lakini msuli mgeni hauna kinga hiyo. Maksai wenu mdogo alifungwa nira kwa mara ya kwanza, akaingizwa kwenye kazi ya siku nzima pamoja na wazoefu, na hilo peke yake lingetosha kumkakamaza hata kama chakula kingekuwa kizuri.

Kuhusu dawa nyekundu, kwa rangi hiyo inaelekea kuwa na vitamini B12, ambayo ni nyekundu kiasili na hubeba chembe moja ya madini ya kobalti katikati ya kila molekuli. Ng'ombe hahitaji kulishwa B12, kwa kuwa bakteria walio katika tumbo lake la kwanza humtengenezea, mradi tu wapate kobalti ya kutosha, kiasi cha miligramu 0.1 hivi katika kila kilo ya chakula kikavu. Na kwa mnyama wa kazi, B12 si jambo dogo. Ng'ombe hapati sukari nyingi moja kwa moja kutoka kwenye majani. Ini lake huitengeneza, na malighafi yake kuu ni asidi ya propioniki inayotokana na uchachu wa tumboni. Ili asidi hiyo igeuke kuwa sukari, lazima ipite kwenye kimeng'enya kinachotegemea B12. Ikikosekana, ng'ombe huwa na malisho mbele yake na njaa ndani ya damu yake, kisha hupoteza hata hamu ya kula. Historia yetu wenyewe ina ushahidi, kwa maana katika vitabu vya tiba ya mifugo duniani kuna ugonjwa uliopewa jina la Nakuru, Nakuruitis, ambao uliwakondesha ng'ombe waliokuwa wakichunga majani ya kutosha katika sehemu za huko, na chanzo chake kilikuwa upungufu wa kobalti kwenye udongo.

Lakini sindano ya B12 humsaidia mnyama aliyepungukiwa na B12 tu. Kama udongo wenu una kobalti, pesa zenu zinapita kwenye mkojo. Na kama hauna, suluhisho la kudumu ni chumvi ya madini yenye kobalti ambayo mnyama huilamba kila siku, kwa sababu bakteria wa tumboni huihitaji kila siku. Kobalti yenyewe ikidungwa kwenye msuli haifai kitu, maana haifiki kwa bakteria hao.

Sasa huyo anayejikwaa alfajiri. Kutoona vizuri kwenye mwanga hafifu ni dalili ya mapema sana ya upungufu wa vitamini A. Ng'ombe huitengeneza kutokana na ile rangi ya manjano iliyofichika ndani ya majani mabichi, huiweka akiba kwenye ini, na akiba hiyo humfikisha miezi kadhaa. Mabua ya mahindi yaliyokauka hayana chochote cha kuiongezea. Usimfunge nira gizani kabla hajaonwa na daktari.

Mwenye punda, Nakuru

Mama, mimi sina ng'ombe, lakini nimeishi na punda wa mikokoteni hapa Nakuru kwa miaka mingi, wakibeba maji na mawe ya ujenzi, na yaliyosemwa na daktari yananigusa kwa namna nyingine.

Punda hana tumbo la kucheua. Vitamini B anazotengenezewa na bakteria huzalishwa nyuma kabisa, kwenye utumbo mpana, na sehemu yake hupotea na kinyesi kabla ya kufyonzwa, kwa hiyo punda hutegemea zaidi majani anayokula mwenyewe, na lazima apewe muda wa kuyala. Na hapo ndipo nilipoona kosa letu sisi wenye mikokoteni. Tunauliza kazi inamaliza vitamini gani, huku kazi yenyewe ikiwa imemnyima mnyama saa za kuchunga. Punda wangu walikuwa wakifungwa saa kumi na moja alfajiri na kufunguliwa magharibi, wakila nyasi kavu za kununua usiku. Nyasi hizo zilikuwa zimeanikwa na kukaa ghalani muda mrefu, na afisa wa mifugo aliyekuja kutupa mafunzo alitueleza kwamba jua lile lile linaloipa nyasi vitamini D huiondolea sehemu kubwa ya vitamini E na ile rangi ya vitamini A. Tangu hapo nawafungua saa sita hadi saa nane mchana na kuwapa majani mabichi, hata kama ni magugu ya kando ya mfereji, na sijutii zile safari mbili ninazozikosa.

Kwa farasi, ambao ni jamaa wa punda, mwongozo wa lishe wa Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani uliotolewa mwaka 2007 unaonyesha tofauti hiyo kwa tarakimu. Farasi asiye na kazi hukadiriwa yuniti 1 (kipimo cha kimataifa cha vitamini) ya vitamini E kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na mwenye kazi nzito hukadiriwa yuniti 2. Vitamini A hupanda kutoka yuniti 30 hadi 45 kwa kilo. Kwa hiyo kazi huongeza hitaji, nakubali, lakini majani mabichi ya kutosha hulifikia hitaji hilo bila sindano hata moja.

Vitamini C, ambayo watu wa hapa hupenda kuwanyweshea punda kwa maji ya ndimu, si lazima. Punda, kama ng'ombe, huitengeneza mwenyewe kwenye ini.

Mwalimu wa biolojia, Kisumu

Ningependa kuongeza upande wa majaribio, kwa sababu wanafunzi wangu huniuliza swali hili karibu kila mwaka tunapofika kwenye mada ya upumuaji wa seli.

Mwaka 1982 watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley waliwakimbiza panya mpaka wakachoka kabisa, kisha wakapima misuli na maini yao. Chembe kali za oksijeni zilikuwa zimeongezeka maradufu au zaidi, na panya walionyimwa vitamini E kwenye chakula walichoka mapema, uvumilivu wao ukiwa umepungua kwa kama asilimia 40. Inafaa kukumbuka kwamba mji ule ule wa Berkeley ndiko ilikogunduliwa vitamini E mwaka 1922, kwa panya vilevile, ingawa wakati huo waliitafuta kwa sababu ya uzazi na hakuna aliyewaza juu ya misuli.

Mtu akiishia hapo atasema, basi tuwaongezee wanyama vitamini kadiri tuwezavyo. Majaribio ya baadaye yanakataza. Mwaka 2008 watafiti wa Valencia, Uhispania, waliwafanyisha panya mazoezi ya wiki kadhaa huku baadhi yao wakipewa vitamini C nyingi. Waliopewa vitamini hawakuongeza uvumilivu kama wenzao, na vimeng'enya vya kujikinga ambavyo daktari amevitaja havikuongezeka ipasavyo. Sababu yake inapendeza ukiielewa: zile chembe kali, zikiwa kwa kiasi, ndizo zinazoupigia msuli hodi na kuuambia ujijenge. Ukizizima zote, msuli haupati habari. Mbwa wa mashindano nao, wale wembamba wa mbio fupi, walipopewa gramu 1 ya vitamini C kila siku walikimbia polepole zaidi kidogo kuliko walipokuwa hawapewi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2002. Kwa upande mwingine, katika mbio ndefu za mbwa wa kuvuta sleji, yaani vigari vya kuteleza kwenye theluji, huko Alaska, waliokuwa na vitamini E nyingi kwenye damu kabla ya kuanza ndio waliofika mwisho kwa wingi zaidi, ingawa mimi huwaambia wanafunzi wajihadhari hapo, kwa kuwa huenda damu hiyo ilikuwa ikionyesha tu ni mbwa yupi alikuwa amelishwa vizuri zaidi.

Nitaje pia hatari ya seleni, kwa kuwa huuzwa pamoja na vitamini E katika chupa moja. Tofauti kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachoua ni ndogo. Mwezi Aprili mwaka 2009, farasi 21 wa mchezo wa polo walikufa huko Florida, Marekani, baada ya kupewa mchanganyiko wa vitamini na madini uliokosewa kipimo cha seleni. Walikuwa wanyama wa kazi, wenye afya, na walidungwa ili wapate nguvu. Mama, tafadhali soma chupa hiyo mliyonunua, na kama ina seleni msiirudie kila wiki kwa agizo la duka.

Mkulima, Butula

Nimerudi baada ya wiki tatu, na nawashukuru wote.

Daktari, nilifuata ushauri wako. Damu ya maksai wote wanne ilipimwa, na mdogo hakukutwa na vimelea vyovyote. Mkojo wake haukuwa wa rangi ya kahawa. Mhudumu wa mifugo alisema misuli ilielemewa tu, akaagiza afungwe nira saa mbili kwa siku kwa wiki ya kwanza, kisha saa tatu, na aunganishwe na mzee mpole badala ya yule mwenye kasi. Sasa analima hadi saa nne asubuhi bila kutetemeka. Chupa nyekundu ilikuwa ya B12 peke yake, haina seleni, na tumeiweka kando. Nimenunua chumvi ya kulamba ambayo imeandikwa kobalti kwenye mfuko.

Yule anayejikwaa alidungwa vitamini A na kupewa majani ya viazi vitamu kila jioni, na siku kumi baadaye kijana aliniita alfajiri nikamwone akivuka mtaro bila kusita. Niliumia moyoni kukumbuka kwamba alichapwa kwa kujikwaa, na sisi tukidhani ni ukaidi.

Nina swali moja la mwisho. Nikitaka kujaza ghala hilo la mwili kabla ya kulima kwa mwaka ujao, nianze lini, na nipande nini kitakachobaki kijani hadi Januari?

Daktari wa mifugo, Kakamega

Mama, nimefurahi sana kusikia habari hizo, na usijilaumu kupita kiasi kwa yule maksai aliyekuwa akijikwaa. Hata sisi tuliosoma tumewahi kuwaona wa namna hiyo tukawaita wakaidi.

Anza Desemba, usingoje mvua. Vitamini A hujazwa kwenye ini polepole, na vitamini E haikai akiba muda mrefu, kwa hiyo ni afadhali mnyama apate majani mabichi kidogo kila siku kwa wiki sita au nane kabla ya kulima kuliko alishwe mengi siku mbili za mwisho. Majani ya viazi vitamu ni mazuri na tayari unayo. Tenga sehemu yenye unyevu karibu na bonde uyapande hapo. Kaliandra, mti mdogo wa malisho, hupandwa kwenye mpaka wa shamba, na mizizi yake mirefu huifanya ibaki kijani wakati nyasi zimekauka. Jirani zenu wengi wanapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mahindi kwa ajili ya kupambana na gugu la kiduha na viwavi, ule mfumo uliotokea Mbita, na mmea huo hubaki shambani baada ya mahindi kuvunwa, ukawa chakula kizuri cha ng'ombe. Mwaka wa kwanza kata kidogo tu ili ushike mizizi.

Wiki mbili kabla ya plau, watembezeni maksai kila asubuhi wakiwa na nira bila mzigo, kisha wakiburuta gogo jepesi. Yule mdogo aanze mapema zaidi ya wenzake.